Maji Yakilingana

Mama yule aliegemea boriti ya lango kama mtu aliyeegemea ukuta wa baraza yake wakati wa jioni. Mgongo umetulia juu ya mti, mikono mfukoni, macho kwenye maji. Pembeni yake mimi nilikuwa natoka jasho. Nilisukuma boriti ileile kwa viganja, nikasukuma kwa bega, nikageuka nikasukuma kwa mgongo, huku visigino vikitafuta mshiko kwenye matofali yaliyoinuliwa hapo makusudi kwa ajili ya miguu ya wasukumaji. Lango halikutikisika. Mama akanitazama bila kunicheka, akaniambia nisijichoshe, maji bado. Nikaacha. Tukakaa kimya labda nusu dakika. Chini yetu mvumo wa maji ukapungua, ukawa mnong'ono, ukanyamaza. Ndipo nikahisi mti ukilegea nyuma ya mgongo wangu, kama mlango ambao mtu wa ndani ameuondolea komeo. Mama akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, mikono bado mfukoni, na lango la mwaloni lenye uzito unaozidi tani moja likafunguka.

Siku ile tulikuwa na loki 30 za kupita. Kufikia ya kumi nilikuwa nimeacha kupigana na boriti. Kufikia ya ishirini nilianza kuelewa kwamba ufundi wote wa mifereji ya Uingereza, tangu kwa walioichimba hadi kwa anayeshika usukani leo, umesimama juu ya jambo moja: nguvu ni ya maji, na kazi ya binadamu ni kuyapangia njia, kisha kuyapa muda wake.

Tulikuwa Tardebigge, Worcestershire, katikati ya Uingereza, wiki ya kwanza ya Mei. Wenyeji wangu, mume na mke ambao wamestaafu ualimu, walinialika kwenye boti yao kwa siku saba. Asubuhi bado kuna baridi ya kuvaa koti, na moshi wa jiko la kuni hutoka kwenye dohani fupi juu ya paa la boti. Mchana jua hupenya. Vichaka vya miiba kandokando ya mfereji vimejaa maua meupe, majani mapya yana kijani kinachong'aa kama kimepakwa mafuta, wana-kondoo wanarukaruka malishoni, na bata hupita na vifaranga vyake vimejipanga nyuma kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara. Tukikaribia kiota cha batamaji, mzee hupunguza mafuta, na boti hupita kimya kama inayopita msibani.

Mfereji wenyewe unaitwa Worcester na Birmingham, kwa majina ya miji miwili unaoiunganisha, na ulikamilika mwaka 1815. Tatizo la waliouchimba lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua: Worcester iko bondeni kando ya mto Severn, na Birmingham iko juu kwenye uwanda. Maji hayapandi mlima. Basi wakajenga ngazi, na kila daraja la ngazi ni loki. Hapa Tardebigge zimefuatana loki 30 ndani ya kilomita kama tatu na nusu, nazo huinua boti mita 67. Hakuna mfululizo mrefu kuliko huu katika Uingereza yote.

Loki ni chumba kirefu chembamba cha matofali kilichozama ardhini, kina malango juu na chini, wala hakina paa. Boti inayopanda huingia kwa chini, chumba kikiwa kimetolewa maji. Malango ya chini hufungwa nyuma yake. Kisha hufunguliwa vilango vidogo vilivyo chini ya uso wa maji upande wa juu, maji yakamwagika ndani kupitia mashimo yaliyojengwa ardhini, na boti ikapanda pamoja nayo. Maji ya chumbani yakifika usawa wa maji ya nje, lango la juu hufunguliwa na boti hutoka. Hakuna injini, hakuna umeme, hakuna pampu. Boti yenye uzito wa tani 15 hupanda mita mbili na zaidi kwa sababu tu maji yamepewa ruhusa ya kuteremka.

Chombo cha kazi ni hendeli, chuma kilichopindwa kama herufi L, chenye tundu la pembe nne upande mmoja. Mama huibeba kiunoni, imechomekwa kwenye mkanda kwa nyuma, na ukimwona akitembea kutoka loki hadi loki utadhani ni sehemu ya mwili wake. Huingiza tundu la hendeli kwenye ekseli iliyojitokeza kandokando ya lango, akaanza kuzungusha, na jino dogo la chuma likawa linadondokea kwenye meno ya gurudumu: ta, ta, ta, ta. Hilo jino ndilo linalozuia kilango kisirudi chini. Nilimwona akifika nusu na kusimama. Akachungulia ndani ya chumba, akatazama omo ya boti, akamtazama mumewe aliyeshika kana huko tezi. Maji yakifunguliwa yote kwa pupa, yanavuta boti na kuibamiza kwenye ukuta wa mbele. Kwa hiyo hufungua nusu, akangoja boti itulie, akamalizia.

Kisha akaichomoa hendeli. Kila mara, bila kusahau hata mara moja katika loki 30, aliichomoa. Jino lile likiteleza huku hendeli imebaki kwenye ekseli, kilango huporomoka na hendeli huzunguka kwa kasi inayoweza kuvunja mkono wa mtu. Na wakati wa kufunga, hakukiachia kilango kianguke kwa kishindo; alikishusha kwa kuzungusha, taratibu, kwa sababu chuma kile kimekwishatumika miaka mingi na wengine watakihitaji kesho.

Kuhusu lango lililonishinda, jioni tulikaa mezani na penseli. Lango la juu lina upana wa zaidi kidogo ya mita mbili. Tuseme maji yaliyoliegemea yana kina cha mita moja na nusu. Ikiwa maji ya nje yamezidi ya ndani kwa sentimita 10 tu, upana wa kiganja, basi lango linabanwa na uzito unaokaribia kilo 300. Kijana mwenye nguvu atasukuma hadi mishipa imtoke shingoni. Tofauti ikishuka hadi sentimita moja, uzito huo unakuwa kilo 30, na kwa sababu boriti ni ndefu kuliko upana wa lango, mgongo wa bibi aliyestaafu unatosha. Kati ya kisichowezekana na kilicho chepesi pana nafasi ya nusu dakika. Fundi ni yule anayeijua nusu dakika hiyo kwa sikio, kabla jicho halijaiona.

Malango ya chini yana akili yake pia. Hapa huwa mawili, na yakifungwa hayanyooki. Hukutana kwa pembe butu inayoelekea upande wa maji mengi. Maji yanapoyasukuma, yanayabananisha. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo yanavyofungika zaidi. Anayetajwa kuwa ndiye aliyeubuni mtindo huu ni Leonardo da Vinci, alipokuwa Milano mwishoni mwa karne ya 15, na tangu hapo hakuna aliyeona haja ya kuubadilisha. Adui aliyekuja kubomoa mlango amefanywa bawabu wake.

Nilitaka kujua nani anayatengeneza malango haya, maana lango moja tulilopita lilikuwa jipya kabisa, mti wake bado una rangi ya asali, kingo bado kali, wakati jirani yake limegeuka jeusi na lina ukungu na majani yaliyoota kwenye nyufa. Mzee akanieleza kwamba majira ya baridi ndiyo msimu wa matengenezo. Boti zinapopungua, kuanzia Novemba hadi Machi, mafundi huzuia maji kwa mbao nene zinazoingizwa kwenye mifuo ya ukutani, samaki huhamishwa, loki hukaushwa, na lango la zamani hung'olewa kwa kreni. Anayesafiri wakati wa kuchipua ndiye wa kwanza kukutana na kazi yao. Miti inachanua kando ya maji, na lango jipya la mwaloni liko katikati yake.

Mifereji mingi ya Uingereza na Wales leo iko chini ya Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyoanza kazi mwaka 2012, inayotunza njia za maji zenye urefu wa kilomita zipatazo 3,200. Malango yake hutoka kwenye karakana mbili, moja Bradley karibu na Birmingham, nyingine Stanley Ferry huko Yorkshire. Huwezi kununua lango dukani, wala huwezi kuchukua la loki hii ukalipachika kwenye ile. Waliojenga loki hizi walikuwa vikundi mbalimbali, wenye vipimo vya mikono yao wenyewe, na ardhi nayo imesogea kidogo kwa miaka 200. Kwa hiyo kila lango hupimwa peke yake na kuchongwa peke yake.

Mti wenyewe ni mwaloni mbichi. Seremala wa samani angeukimbia, kwa kuwa mti mbichi hujikunja ukikauka. Lakini lango hili halitakauka. Litaishi ndani ya maji, na maji yataufanya mti uvimbe na viungo vibanane. Viungo hivyo ni ulimi na tundu, ulimi wa mti mmoja ukiingia kwenye tundu la mwingine, kisha vikafungwa kwa mikanda ya chuma. Nguzo ya upande wa ukutani hulainishwa iwe mviringo ili ikae ndani ya jiwe lililochimbwa kama mfereji wa mgongo. Hapo ndipo lango linapozungukia, na hapo ndipo maji yatakapolibana lisivuje. Ukosefu wa mviringo kidogo tu utatoa mchirizi wa maji usiku na mchana. Lango likitengenezwa vizuri hudumu miaka 25 hivi. Fundi anayelichonga akiwa na miaka 30 anajua kwamba atalibadilisha mara moja, na la tatu litachongwa na mtu ambaye leo yuko shule ya msingi.

Hata lango bora huvuja kidogo. Wazee wa mifereji wana dawa yake, nayo ni majivu. Humwaga jivu la makaa upande wa maji mengi, karibu na ufa. Maji yanayokimbilia ufa yanalibeba jivu, yanalishindilia ndani, na ufa unazibwa na yale yale yaliyokuwa yanautumia kutoroka. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka mafundi wa majahazi kwetu pwani wakitia kalafati, pamba na mafuta vikigongwa katikati ya mbao, halafu chombo kinashushwa baharini na mbao zenyewe zikimalizia kazi kwa kuvimba. Mafundi wa pande hizi mbili hawajawahi kukutana, na wamefundishwa na mwalimu mmoja.

Siku ya tatu mzee akanipa kana. Nayo si ngeni kwa mtu wa pwani: mkono wa usukani, unaousukuma kushoto ili chombo kiende kulia. Ya kwao ni ya shaba, imepinda kama shingo ya batamaji, na mwisho wake una kishikio cha mti kilicholainishwa na viganja. Nikadhani nimefika nyumbani. Sikuwa nimefika.

Boti hizi zina upana wa mita 2.08, kwa sababu loki zake zina upana wa mita 2.1 na ushei. Urefu huweza kufika mita 21. Yetu ilikuwa na 17. Unasimama nyuma kabisa, na omo iko mbali huko mbele kama mtu mwingine unayemwongoza kwa ishara. Boti haipindi kwa kufuata pua yake kama gari. Huzungukia karibu na kiuno chake, kwa hiyo omo inapoingia ndani ya kona, tezi uliyosimama juu yake inatoka nje kuelekea ukingo wa pili. Na haijibu papo hapo. Unasukuma kana, hakuna kitu. Unahesabu moja, mbili, tatu, kisha omo inaanza kugeuka, na ikishaanza haiachi upesi. Mgeni, kama nilivyokuwa mimi, huona hakuna jibu akaongeza. Jibu la kwanza na la pili yakifika pamoja, boti inakwenda kulala kwenye matete.

Mzee hakuninyang'anya usukani. Aliniambia nipunguze mafuta, nirudishe kana katikati, niitazame omo na nisiitazame mikono yangu. Kisha akanifundisha kitu ambacho sikukitarajia. Mfereji hauna kina. Mara nyingi ni zaidi kidogo ya mita moja. Ukiongeza mafuta, rafadha inanyonya maji yaliyo chini ya boti, tezi inazama, na boti inakaribia kukwaruza matope. Injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Ukipunguza, maji yanarudi chini yako, boti inanyanyuka, na mara nyingine inakwenda vizuri zaidi kwa mafuta kidogo kuliko kwa mengi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni kilomita 6.4 kwa saa, lakini kipimo wanachokitumia wenyewe kiko nyuma ya boti: wimbi lako likivunjika ukingoni, umezidisha. Wimbi hilo huula ukingo, hugharikisha viota, na hung'oa vigingi vya boti zilizofungwa. Nilimtafsiria methali yetu, kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akairudia taratibu, akauliza kama ilitungwa na watu wa mifereji.

Baada ya hapo nilimtazama akiingia kwenye loki, nami nikajua ninachokitazama. Chumba kina upana wa kuacha vidole viwili tu kila upande wa boti. Mita 40 kabla, alikuwa amekwisha kuinyoosha. Mita 20 kabla, aliweka gia huru, akaiacha iteleze. Mkono wake juu ya kana ulikuwa ukisogea kiasi cha unene wa kidole. Boti ikaingia kati ya kuta mbili bila kugusa, maji yaliyobanwa mbele yakarudi nyuma ubavuni kwa mlio wa kunong'ona, yakaishika boti na kuipunguzia mwendo. Akagusa rivasi mara moja. Boti ikasimama, omo ikiwa imebakiza hatua moja kufika ukutani. Hakusema neno. Alichukua kikombe chake cha chai juu ya paa akanywa.

Upana huu wa vidole viwili una historia, na jina linalohusiana nao ni James Brindley. Alizaliwa mwaka 1716, akawa fundi wa mitambo ya vinu, na elimu yake ya kuandika ilikuwa ndogo sana. Duke wa Bridgewater, kabaila aliyekuwa na migodi ya makaa ya mawe huko Worsley, alimwajiri ili amsaidie kuchimba mfereji wa kufikisha makaa Manchester. Ulifunguliwa mwaka 1761, na bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Sababu yake unaiona ukitazama farasi: anayebeba mzigo mgongoni anachukua kama kilo 125, na yuleyule akivuta boti kwenye maji yaliyotulia anasogeza tani 30. Wenye viwanda wakaanza kumkimbilia Brindley. Alipopanga mfereji wa Trent na Mersey, uliopigiwa debe na mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood, alichagua loki nyembamba ili kuokoa fedha, maji na jasho la kuchimba mahandaki. Mifereji iliyofuata katikati ya nchi ikaiga kipimo hicho, na boti zikachongwa kukifuata hadi leo.

Lakini kazi yake ninayoistahi zaidi haionekani. Ukichimba mtaro kwenye udongo wa kawaida na kuujaza maji, kesho utaukuta mkavu. Brindley na mafundi wake walichukua udongo wa mfinyanzi, wakaukatakata, wakaulowanisha, wakaukanda kwa miguu, tabaka juu ya tabaka, na mara nyingine wakapitisha ng'ombe juu yake ili kwato zimalizie kazi. Ukikandwa hivyo unashikamana na kukataa kupitisha maji, mradi tu usikauke. Ni maji yanayoulinda udongo ili udongo uyalinde maji. Tulipokuwa tukisafiri chini ya miti iliyochanua, karne mbili baadaye, tulikuwa tumebebwa na nyayo za watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Reli ilipokuja, mifereji ilianza kunyimwa mizigo. Wenye boti wakashindwa kumudu nyumba za nchi kavu, wakazihamishia familia botini, katika kijumba cha nyuma chenye urefu wa mita tatu tu, chenye jiko, kabati na kitanda cha kukunjwa. Humo walizaa na kulea, na kuta zake wakazipamba kwa mawaridi na ngome. Kila petali moja ya waridi hupigwa kwa mkupuo mmoja wa brashi, bila kurudia. Mizigo ikaendelea kupungua. Baridi kali ya 1962 na 1963, iliyogandisha mifereji kwa majuma mengi, ilimaliza sehemu kubwa ya biashara iliyokuwa imebaki.

Mifereji haikufukiwa yote kwa sababu kulikuwa na watu walioipenda kabla haijafa, na baadhi yao walikutana papo hapa Tardebigge. Mhandisi na mwandishi L. T. C. Rolt alifunga boti yake, Cressy, jirani na loki ya juu, akaishi humo miaka ya Vita Kuu ya Pili. Kitabu chake, Narrow Boat, kilitoka mwaka 1944. Msomaji wake mmoja, Robert Aickman, alikuja kumtembelea botini mwaka 1945, na mwaka uliofuata wakaanzisha na wenzao chama cha Inland Waterways Association. Watu wa kujitolea wakaanza kuzoa matope na kufufua loki zilizokufa. Leo zaidi ya boti 30,000 zimo kwenye mifereji na mito ya nchi hiyo.

Siku ile ya loki 30 tulitumia saa tano na nusu. Mnara mrefu wa kanisa la Tardebigge ulikuwa umetuongoza kutoka chini, ukipotea nyuma ya miti na kurudi, kila mara mkubwa zaidi. Tulifika loki ya mwisho jua likiwa limeinama. Hiyo ina kina kuliko zote, kwa kuwa mwanzoni palijaribiwa hapo lifti ya kunyanyulia boti, ikaonekana haitavumilia kazi ya kila siku, wakajenga loki. Nilikuwa nimechoka, mikono inanuka chuma na matope. Nikaikuta loki imejaa maji hadi juu. Ili tuingie, ilibidi tuimwage. Nikaitoa hendeli kiunoni.

Mama akanigusa mkono, akanionyesha kwa kidevu. Huko juu, baada ya kona, omo ya boti nyingine ilikuwa imechomoza, inashuka. Kwao loki ile ilikuwa tayari. Tungeimwaga sisi, wangelazimika kuijaza upya, na katika mifereji hii loki moja ya kawaida ni zaidi ya lita 100,000 za maji, ambayo juu huko hayapatikani bure. Tukiwaachia, watashuka na maji yaleyale, watatoka kwa chini, na chumba kitabaki wazi kwa ajili yetu. Safari mbili kwa maji ya moja.

Tukakaa kwenye nyasi. Boti ile ilichukua muda wake kufika, mwanamume kwenye kana, msichana wa miaka kama 12 akitembea kandokando ya maji na hendeli mkononi. Tulimfungulia lango, tukamfungia. Akakikagua kizingiti, ile ngazi iliyojificha chini ya lango la juu, ambayo boti inayoshuka ikiikalia kwa tezi huweza kuzama. Akapiga kelele kumwambia baba yake asogee mbele. Baba akasogea. Akafungua nusu, akangoja, akamalizia. Akaichomoa hendeli.

Walipotoka tuliingia sisi. Nikafungua kilango kwa zamu yangu, nikaenda kuiegemea boriti. Sikusukuma. Nilisikia mvumo ukijaa chumba, ukipanda, ukilegea. Karibu yangu, kwenye kichaka cha maua meupe, nyuki bado walikuwa kazini. Mvumo ukawa mnong'ono. Mnong'ono ukakatika, na kabla sijatazama nyuma kuhakikisha, mti ulikwisha kuanza kusogea.